Kiti cha bunduki na makopo ya tende: namna ya kusoma sanamu zinazozungumzia ugaidi

Miezi michache iliyopita picha ya kiti ilizunguka kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Kiti chenyewe kimeundwa kwa bunduki tupu: mitutu, vitako, vipande vya AK-47, vyote vimechomelewa pamoja mpaka vikapata mgongo, mikono na miguu. Picha haikuwa na maelezo yoyote. Shangazi akasema bila shaka ni kiti cha kamanda wa magaidi. Binamu mmoja akasema hapana, ni Mzungu fulani anachezea damu ya Waafrika. Mjomba, mwalimu mstaafu na mtu wa msikitini, akaandika kwa kirefu kuliko wote: sanamu ni haramu, sanamu ya bunduki ni haramu mara mbili, na anayeipamba silaha namna hiyo anawafundisha vijana kuitamani.

Nilitaka kujibu pale pale nikashindwa, maana jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu. Na hasira ya mjomba ina haki yake. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa Dar es Salaam, akifundisha si mbali na ubalozi wa Marekani, na mlipuko wa bomu la magaidi pale ubalozini aliusikia kwa masikio yake. Mtu kama huyo anastahili kuelezwa kwa utulivu. Kwa hiyo haya ni maelezo yake, na ya yeyote aliyewahi kuona gari lililoungua limewekwa katikati ya jumba la makumbusho akajiuliza: hii nayo ni sanamu?

Tuanze na maneno

Nusu ya ugomvi iko kwenye neno lenyewe. "Sanamu" kwa Kiswahili limebeba mizigo miwili. Kwenye vitabu vya dini, sanamu ni kile kinachosujudiwa. Mtaani, sanamu ni umbo lolote lililotengenezwa: Askari pale katikati ya Dar es Salaam, Dedan Kimathi pale Nairobi, hata ile ya kuvalishwa gauni mlangoni mwa duka. Mtu anaposikia "sanamu ya bunduki", sikio la dini linasikia bunduki inayoabudiwa, ilhali aliyeitengeneza hakuwa na wazo hilo hata kidogo. Tunalo pia neno "kinyago", la vitu vya kuchonga vyenye sura, na "mnara wa kumbukumbu", linalotajwa kila serikali inapotaka kuwakumbuka waliokufa.

Sanamu za kisasa ninazozungumzia hapa huweza kuwa chochote kati ya hivyo, au visiwe hata kimoja. Nyingine hazikuchongwa. Zimekusanywa, zimechomelewa, zimelazwa sakafuni. Kinachozifanya ziitwe sanamu ni kwamba mtu amechukua vitu vyenye uzito na ujazo, akaviweka mahali kwa makusudi, ili sisi tuvizunguke na kufikiri.

Na maneno mengine mawili. Ugaidi, kwa maana tunayoihitaji hapa, ni kuwashambulia raia kwa makusudi ili kuwatia hofu walio wengi na kushinikiza jambo la kisiasa au la kidini. Misimamo mikali ya kidini ni kitu kingine kabisa na ucha Mungu. Mjomba wangu husali swala tano na hajawahi kumtaka jirani yake Mkristo ahame. Msimamo unakuwa mkali pale mtu anaposema njia yake ndiyo pekee inayostahili kuwepo duniani, na kwamba ana ruhusa ya kuziondoa nyingine kwa nguvu.

Kanga ya marehemu

Sasa chukua mfano wa nyumbani. Mama amefariki. Sandukuni kuna kanga yake, imefifia, ina doa la mafuta ya nazi pembeni. Ukienda Kariakoo leo utapata doti mpya, rangi zile zile, jina lile lile. Lakini mwambie mmoja wa watoto wake mbadilishane, yake ya zamani kwa hii mpya. Hatakubali. Ile ya sandukuni ilikuwepo. Ilikuwa mabegani mwake alipokuwa akipuliza moto, ilimbeba mjukuu mgongoni. Hakuna aliyeichonga, hakuna aliyeipaka rangi upya, na bado inasema habari ambayo kanga mpya haiwezi kuisema.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa sanamu hizi. Mchongaji wa zamani alipokuwa na gogo la mpingo alijiuliza atalipa sura gani. Wengi wa wasanii wanaoshughulika na ugaidi na vita wanaanza na swali jingine: kitu hiki kilikuwa wapi siku ile? Kwa hiyo na sisi watazamaji tukianza kwa kuuliza "inafanana na nini?", tunapotea. Tuulize kwanza imetengenezwa kwa nini, vitu hivyo vilitoka wapi, na ni mikono ya nani iliyovishika.

Mfano mkali kuliko yote ni gari. Tarehe 5 Machi 2007 bomu lililotegwa garini lililipuka katika mtaa wa al-Mutanabbi mjini Baghdad, mtaa wa wauza vitabu, likaua watu 38. Msanii wa Uingereza, Jeremy Deller, alichukua mabaki ya gari moja lililokuwa pale. Hakulichonga, hakulipaka rangi. Mwaka 2009 lilivutwa kwa trela kutoka New York hadi Los Angeles, likisimama miji kwa miji, na kando yake walisafiri raia wa Iraki na askari wa Marekani aliyewahi kupigana kule, ili mtu yeyote asogee aulize. Leo liko Imperial War Museum, London. Ni bamba la kutu lililokunjamana, huwezi kujua hata lilikuwa gari la aina gani. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilipoliona pichani mara ya kwanza nilipita. Niliposoma kwamba lilikuwa kwenye mtaa wa vitabu nilirudi.

Kiti chenyewe

Turudi kwenye picha ya kundi la familia. Aliyetengeneza kiti kile si Mzungu wala kamanda. Ni msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester. Alikitengeneza Maputo mwaka 2001, na mwaka uliofuata kikanunuliwa na British Museum ya London.

Bunduki alizipata wapi? Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na tangu 1977 ikawa vitani yenyewe kwa yenyewe: serikali ya FRELIMO upande mmoja, RENAMO upande wa pili, hawa wa pili wakiwa wameanzishwa kwa msaada wa Rhodesia na baadaye kulelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, wakati huo watu wapatao milioni moja wakiwa wamekufa. Lakini bunduki zilibaki vijijini, zimefukiwa mashambani, zimechomekwa darini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, likaanzisha mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe, kama alivyoagua nabii Isaya. Unaleta bunduki, unapewa cherehani, baiskeli, jembe au mabati. Silaha zilikatwa zisifae tena kwa lolote, na baadhi ya vipande vikafika kwa wasanii wa chama cha Núcleo de Arte mjini Maputo.

Sogea karibu sasa. Mgongo wa kiti umeundwa kwa vitako vya bunduki mbili za G3, zile walizotumia Wareno. Juu kabisa, kwenye kila kitako, kuna matundu mawili ya skrubu na alama iliyoachwa na mkanda wa kubebea. Ukiangalia vizuri ni macho mawili na mdomo. Kester alieleza kwamba hakuzichonga sura hizo. Alizikuta, akachagua vitako vyenye sura iliyo hai zaidi kuliko vingine, na akaziona zinachekeana kama watu waliofunguliwa kifungoni. Vipande vingine vilitoka Urusi ya Kisovyeti, Poland, Czechoslovakia na Korea Kaskazini. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa Afrika. Ukikizunguka kiti hicho umezunguka orodha ya nchi zilizotuma silaha kwenye vita ambavyo makaburi yake yako Msumbiji.

Msomaji wa Lamu au Unguja atakuwa ameona jambo jingine kabla yangu. Sisi watu wa pwani tuna kiti cha enzi, kile kirefu cha mpingo, mgongo wima, kimetiwa njumu za pembe, ambacho alikalia mwenye nyumba mkubwa au mgeni wa heshima. Kiti cha namna hiyo ni madaraka yaliyowekwa sebuleni. Kester naye ametengeneza kiti cha enzi, na ameonyesha enzi ile ilikalia nini. Tena kiti, kwa Kiswahili kama kwa lugha nyingi, kina miguu. Ndugu wawili wa Kester walipoteza miguu yao katika miaka ile, na mmoja alikanyaga bomu lililotegwa ardhini.

Je, anaipamba silaha, kama alivyosema mjomba? Bunduki ambayo haiwezi tena kufyatuka, iliyokatwa na kuchomelewa kwenye nyingine, imepokonywa kazi yake. Inafaa kukumbuka pia kwamba AK-47 imo kwenye bendera ya taifa ya Msumbiji, pamoja na jembe na kitabu, kama alama ya ulinzi wa taifa. Aliyeikata vipande mjini Maputo alihitaji ujasiri fulani.

Lakini hofu ya mjomba siitupi. Baada ya Kester wamekuja wengine, na mashuhuri kuliko wote ni Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa Maputo mwaka 1975, ambaye viti na barakoa zake za risasi na mitutu zimefika mpaka maonyesho ya Venice. Ni kazi za ustadi mkubwa. Ila ninapoziona nyingi kwa pamoja, zimepangwa ukutani chini ya taa, jicho langu huanza kufurahia mikunjo ya chuma na kusahau kilichotendwa nacho. Urembo huweza kuumeza ushahidi.

Kuna msanii aliyeliona tatizo hilo akalikwepa kwa njia ya ajabu. Kolombia, baada ya vita vya zaidi ya miaka 50, serikali na waasi wa FARC walikubaliana mwaka 2016 kusimamisha vita. Nchi ilikuwa imepasuka kiasi kwamba katika kura ya maoni ya tarehe 2 Oktoba mwaka huo, waliosema "hapana" kwa mkataba walishinda kwa asilimia 50.2, na ikabidi ujadiliwe upya. Mkataba uliagiza silaha za waasi ziyeyushwe, zitengenezwe minara mitatu ya kumbukumbu. Mmoja alikabidhiwa Doris Salcedo wa Bogotá. Alipewa tani 37 za chuma, silaha 8,994. Akakataa kusimamisha chochote. Alitengeneza sakafu.

Wanawake waliobakwa wakati wa vita walikuja wakashika nyundo, wakagonga mabamba ya metali kwa nguvu zao zote. Mabamba hayo, na mabonde na makovu yake, yakawa kalibu. Bunduki zilizoyeyushwa zikamiminwa humo zikatoka vigae 1,296. Mahali hapo panaitwa Fragmentos, yaani vipande, na pamekuwa wazi tangu 2018. Ukiingia, unatembea juu ya bunduki. Hakuna cha kutazama juu, hakuna shujaa juu ya farasi, hakuna umbo la kutamaniwa. Kigae kimoja chini ya kiatu chako ni pigo la mkono wa mwanamke ambaye huenda hakuwahi kusema mbele ya mtu yeyote kilichompata. Ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kumwonyesha mjomba, ningemwonyesha hiyo, maana humo ndani hana cha kukiita kinyago wala cha kukisujudia.

Wanaovunja, na anayejenga kwa makopo

Tumefika kwenye sehemu ngumu, ya dini. Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni hii: "Wale wa ISIS ni wauaji, sawa, lakini kwenye sanamu walikuwa na hoja, dini imekataza." Nadhani hoja hii inafaa kupimwa kwa matendo yao wenyewe. Julai 2014, mjini Mosul, kaskazini mwa Iraki, walilipua msikiti wenye kaburi linalonasibishwa na Nabii Yunusi. Huo ulikuwa msikiti. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2012, wapiganaji wa misimamo kama hiyo walibomoa makaburi ya mawalii wa Timbuktu nchini Mali, waja wema wa Kiislamu katika mji wa wanazuoni wa Kiislamu. Ahmad al-Mahdi alikiri kosa hilo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Na vitu vya kale vya Iraki na Syria? Vile vikubwa visivyobebeka vilivunjwa mbele ya kamera, na vidogo vilivyobebeka viliuzwa kwa magendo kugharamia vita. Anayeamini kweli kwamba kitu ni haramu hakiuzi.

Hapo ndipo inapoingia kazi ninayoipenda kuliko zote. Ninawi, mji wa kale wa Yunusi huyo huyo, ambao magofu yake yako Mosul, ulikuwa na lango liitwalo Nergal, na langoni pale alisimama lamassu: mnyama wa jiwe mwenye mwili wa fahali, mabawa ya ndege na kichwa cha mwanadamu mwenye ndevu. Alilinda lango hilo tangu miaka ya 700 kabla ya Kristo. Februari 2015 ISIS walimvunja.

Machi 2018 lamassu akaonekana London, uwanja wa Trafalgar, juu ya jukwaa la jiwe ambalo huwekwa kazi tofauti kila baada ya miaka michache. Ukubwa ule ule, mabawa yale yale. Ila ngozi yake ilimetameta nyekundu, kijani na dhahabu, na ukikaribia uliweza kusoma maandishi ya kibiashara: ilikuwa makopo matupu ya asali ya tende, 10,500, yamekunjuliwa na kupangwa kama manyoya. Aliyemtengeneza ni Michael Rakowitz, Mmarekani ambaye babu na bibi yake upande wa mama walikuwa Wayahudi wa Iraki waliohama nchi yao katika miaka ya 1940.

Kwa nini tende? Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida. Mtu wa Ulaya anahitaji kuelezwa. Sisi tunafungulia tende Ramadhani yote, tunajua jahazi za tende zilizoshuka na kaskazi, na kwenye nyumba nyingi za pwani mtoto mchanga hupakwa tende mdomoni ili ladha ya kwanza ya dunia iwe tamu. Iraki nako ni hivyo hivyo. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa kuuza tende nje, na vita baada ya vita vikaiteketeza mitende yake. Kwa hiyo lamassu wa makopo amebeba misiba miwili kwa pamoja: jiwe lililovunjwa na magaidi, na mashamba yaliyoangamia katika vita ambavyo mataifa makubwa, Uingereza ikiwemo, yalishiriki. Rakowitz alimgeuza uso kuelekea kusini mashariki, upande wa Iraki, akipita juu ya ofisi za serikali na Bunge la Uingereza. Aliyesoma makopo na mwelekeo wa uso alielewa kwamba lawama haikuishia Mosul.

Na hakujaribu kuwadanganya watu kwamba wa zamani amerudi. Angeweza kuchonga jiwe lifanane kabisa. Badala yake akatumia kitu kinachotupwa, ili yeyote anayemtazama ajue kwamba huyu ni kivuli cha aliyekuwepo.

Mikono ya nani

Nilitaja swali la tatu: ni mikono ya nani? Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014 Boko Haram waliteka wasichana 276 kutoka shule ya sekondari ya Chibok, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Jina la kundi hilo lenyewe husemwa kwamba maana yake ni "elimu ya kimagharibi ni haramu". Mwaka 2022 msanii wa Ufaransa, Prune Nourry, alishirikiana na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo kilichopo Ile-Ife kufinyanga vichwa 108 vya udongo, kwa idadi ya wasichana waliokuwa bado hawajarudi. Ife ni mji ambao mafundi wake, karne nyingi zilizopita, walifinyanga vichwa vya watu kwa umaridadi uliowaduwaza Wazungu walipovifukua. Vichwa vipya vilifinyangwa kwa udongo wa huko huko, kwa kufuata mtindo huo wa kale.

Kilichonigusa hapo ni wafinyanzi. Walikuwa wanafunzi 108, kichwa kwa mwanafunzi. Kundi lililotaka wasichana wasisome likajibiwa na vijana walioko masomoni, kila mmoja ameshika uso wa mwenzake aliyechukuliwa darasani. Ungeleta vichwa kama hivyo vilivyotolewa kwa mashine kiwandani, hata vikifanana zaidi, jambo hilo lingepotea.

Mabasi matatu ya Dresden

Nisikufanye uamini kwamba ukishajua vitu vilitoka wapi kila kitu kinanyooka. Februari 2017, mjini Dresden, Ujerumani, Manaf Halbouni, msanii aliyezaliwa Damascus kwa baba Msyria na mama Mjerumani, alisimamisha mabasi matatu wima mbele ya kanisa la Frauenkirche. Hebu fikiria mabasi matatu yamesimama kwa matako, pua juu, pale Posta. Wazo lilitoka kwenye picha ya Aleppo ya mwaka 2015: wakazi walikuwa wamesimamisha mabasi mabovu barabarani ili yawakinge na wadunguaji. Na Dresden yenyewe ilibomolewa kwa mabomu Februari 1945, watu wapatao 25,000 wakafa, na kanisa hilo likabaki kifusi hadi lilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005. Msanii alitaka mji mmoja uliobomolewa uutambue mwingine.

Siku ya uzinduzi meya alizomewa. Dresden ndiko lilikozaliwa vuguvugu la Pegida linalopinga wahamiaji na Uislamu, na wafuasi wake walisema mabasi yale yanachafua kumbukumbu ya wafu wao. Kisha likaibuka jambo zito zaidi: kwenye picha ile ya Aleppo, juu ya mabasi, ilipepea bendera ya Ahrar al-Sham, kundi la wapiganaji wa misimamo mikali. Je, basi lililomkinga mama anayevuka barabara linaacha kuwa ngao kwa sababu wapiganaji walichomeka bendera yao juu yake?  Wapinzani wa Halbouni wakasema imefichwa. Mimi naona kazi ile ilikuwa ya haki, lakini msanii alipaswa kuisema bendera ile mapema, kabla ya kuulizwa. Ukichukua kitu kwa sababu kilikuwepo, unachukua na waliokuwa nacho. Mgawanyiko wa kisiasa hukaa hapo hapo, kwenye sehemu ya ukweli ambayo upande mmoja hautaki kuitaja.

Hapa kwetu

Milipuko ya 1998 kwenye balozi za Marekani iliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Nairobi, pale ubalozi uliposimama, pana bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wa majina, na mchana wafanyakazi wa ofisini hukaa kwenye viti vyake kupumzika. Kwa kumbukumbu ya Dar es Salaam alishirikishwa mchongaji wa mawe wa Marekani, Elyn Zimmerman. Mama huyu alikuwa na historia yake na ugaidi: kumbukumbu aliyoijenga New York kwa ajili ya watu sita waliouawa kwa bomu la World Trade Center mwaka 1993 ilifukiwa na kusagwa pale majengo yale yalipoanguka tarehe 11 Septemba 2001. Kilichookotwa ni kipande tu.

Mtu akikuambia sanamu hukomesha vita, usimkubalie. Kiti cha Kester kilipofikisha miaka 16, Oktoba 2017, wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji iliyomzaa, na tangu hapo mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado wameyakimbia makazi yao. Oktoba 2020 moto huo ulivuka Ruvuma ukafika Kitaya, mkoani Mtwara. Hiyo ndiyo nchi ya Wamakonde, wachongaji ambao vinyago vyao viko Mwenge na viko nusu ya majumba ya makumbusho duniani. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nawaza mara nyingi ni nini kitakachochongwa na watoto wa kambi za waliokimbia watakapopata mpingo na patasi, na kama tutajua kukisoma.

Nilimtumia mjomba maelezo haya kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Juu ya uharamu wa sanamu hatukuafikiana, na sikutegemea tuafikiane. Lakini jioni alinipigia. Aliniuliza kama najua kwa nini watu wengi Nairobi walipofuka siku ile. Nilijua: walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema madirisha ya darasa lake yalivunjika pia, ingawa hakuna mwanafunzi aliyeumia, na kwamba alipokuwa akifagia aliokota kipande kimoja kirefu akakiweka. Anacho mpaka leo. Kiko ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kwa gazeti la wiki ile, juu ya kabati. Hata shangazi hakuwahi kukiona. Alitaka kujua kama makumbusho hupokea vitu vya namna hiyo, na kama mtu akikipeleka anaruhusiwa kuandika mwenyewe kilitoka dirisha gani.